Kwa Wifi Aliyenipangia Karakana

Nilikwenda Leicester siku mbili, harusini,
nikakuachia ufunguo umwagilie mnanaa dirishani.
Ufunguo tu, Shamsa. Na mnanaa.

Nimerudi Jumatatu, mvua ya Luton ikinipiga ubavuni,
nikapanda ngazi juu ya duka la tairi,
nikafungua mlango,
nikaomba radhi, nikataka kutoka:
nilidhani nimeingia kwa daktari wa meno.

Meza ilikuwa na uso!
Miaka tisa sijawahi kuuona.
Kumbe ni ya msonobari, ina jicho jeusi pembeni,
na mtu fulani, zamani, alichonga humo kwa kisu:
R. anadaiwa shilingi nne.

Vichwa vya mbao, ishirini na viwili,
vilivyozoea kulala huku na huku kama wageni wa hitima,
umevisimamisha rafuni kwa kimo,
vinanitazama kama darasa lililochapwa.
Tepe kwa rangi. Vifungo kwa matundu: mawili, manne.
Pini zote ndani ya kopo la kahawa,
na juu ya kopo, kwa mwandiko wako wa nesi: PINI.

Nilikaa. Nikasema alhamdulillahi, maana umehangaika.
Umesugua hata birika la mvuke
mpaka limekuwa jipya na halinijui.

Halafu nikatafuta uzi wa Bi Noreen.

Sikiliza. Mimi kichwa sikipimi kwa futi.
Napitisha uzi juu ya masikio, nafunga fundo, nakata,
natundika msumarini, wa tatu toka dirishani,
chini ya kalenda ya bucha ya mwaka juzi.
Kalenda haikuwa ya tarehe, wifi. Ilikuwa ya kukumbukia msumari.
Na gazeti lililomwagikiwa gundi
lilikuwa ramani ya ukingo wa kofia ya mke wa shemasi;
na kikombe chenye ukungu kilizuia mkasi usianguke;
na lile pande la sufu chini ya kiti, ulilodhani paka,
ndilo linaloufikisha mguu wangu mfupi kwenye kanyagio la cherehani.
Wewe uliona takataka. Mimi nilikuwa naisoma.

"Uzi gani?" ukaniuliza kwenye simu. "Kulikuwa na nyuzi mia."
Hasa.

Nikashuka mapipani. Lori lilikwishapita,
limeacha harufu na ganda la yai.
Usiku ule nilikutukana kimoyomoyo, kwa adabu,
kwa majina ya vyombo tu.

Asubuhi nikampigia Bi Noreen.
Kofia yake ni ya kijani cha shingo ya bata dume,
ya harusi ya mjukuu, Aprili.
Nikamdanganya: nataka kuhakikisha kipimo.
Akaja kwa teksi. Akapanda ngazi akipumzika mara tatu,
akakaa, akavua skafu.

Hazikuwepo zile nywele.
Oktoba zilikuwa tele, mvi tupu, zimebanwa kwa kitana cha pembe.
"Umeshapima," alisema, "sikujua nikuambieje."
Nikapitisha uzi juu ya masikio.
Ngozi ilikuwa na joto, laini
kama sufu iliyotoka tu mvukeni.
Fundo likaja ndani, vidole viwili kasorobo.

Ule uzi wa zamani ungenidanganya.
Kofia ingemshukia machoni, kanisani, mbele ya wakwe.

Sisemi ulifanya vizuri. Usije ukajichukulia sifa.
Mkasi mdogo bado sijauona,
na subana ya mama, naamini, iko dampo.
Nasema tu.

Leo Alhamisi. Uzi mpya uko msumarini, wa tatu,
kalenda ya bucha nimeitoa kwenye boksi lako la KARATASI.
Vichwa vitano vimeshalala sakafuni.
Meza imebakiza kiwanja kidogo, pale palipochongwa deni;
hapo siweki kitu.
Kopo la PINI limepinduka, sijaliinua.

Na mnanaa, wifi.
Mnanaa umekauka.